Marufuku Kuwasha Kabla ya Mheshimiwa

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Ilikuwa nalo, jina zuri tu, lakini serikali ililipeleka kwa mkandarasi akalipake rangi mpya, na mkandarasi hajalirudisha. Tumeambiwa tuvute subira, nasi tunaivuta kama tulivyozoea.

Kitu kimoja hatukikosi, nacho ni uzinduzi. Nasikia kuna nchi ambako watu hujenga daraja kisha wakalivuka. Huku kwetu daraja likiisha huzungushiwa utepe, na mpaka kiongozi aje aukate, wananchi wanaendelea kupita mtoni wamekunja suruali. Choo cha soko kuu kilikaa na utepe wake masika nzima. Waliobanwa walikuwa wakikizunguka, wanakitazama kwa heshima, kisha wanakwenda zao nyuma ya ghala la mahindi.

Yote hayo yamo katika Sheria ya Uzinduzi. Kwa ufupi inasema kwamba kitu cha serikali, au kinachotarajiwa kuwa cha serikali, hakiwaki, hakifunguki, hakitoi maji wala hakipitiki kabla ya kuzinduliwa. Atakayekiwasha mapema ametenda kosa la uzinduzi haramu na atafungwa. Ni sheria nzuri sana. Inawakinga viongozi wetu na aibu ya kukuta vitu vinafanya kazi bila wao.

Basi siku moja Kiongozi Mkuu alirudi kutoka safari ya ng'ambo, akaitisha mkutano uwanja wa taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kompyuta zetu zinaendeshwa kwa mfumo wa kukodi. Kila mwaka tunalipia leseni kama wapangaji! Sasa huko nilikokwenda nimeuona mfumo unaitwa Linux. Na unatolewa bure. Nani hapa hapendi vya bure?"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Jioni ile ile ikatoka amri kwamba kompyuta zote za serikali zitumie Linux, na kwamba atakayeonekana na mfumo mwingine ofisini atahesabiwa kuwa adui wa taifa.

Nitasema jambo ambalo mwananchi mtiifu hasemi: wazo lilikuwa jema. Linux haina kosa lolote katika habari hii. Ni kazi ya watu wengi waliojitolea, inawaka upesi, na kompyuta iliyochoka inairudishia uhai. Ina sharti dogo tu, kwamba uchague vifaa vinavyoelewana nayo, na programu zilizotengenezwa kufanya kazi ndani yake. Ziko printa zinazochapa papo hapo ukizichomeka, na ziko printa ambazo mtengenezaji wake hakuwahi kuifikiria Linux hata siku moja, nazo zitakukodolea macho mpaka uzeeke. Unachagua kwanza, unanunua baadaye. Mtoto anayetumwa betri za redio analijua hilo.

Kazi ya kuchagua ilikabidhiwa kwa Mheshimiwa Fyoko, Waziri wa Mashine na Maadili. Mheshimiwa alianza kwa kumtafuta mwenye Linux ili wakae mezani. Aliuliza kwenye balozi zote. Kila mahali aliambiwa hakuna mwenyewe, hakuna anayeuza, pakua tu.

"Hakuna anayeuza?" alisema kwa uchungu. "Sasa nchi itafaidikaje?"

Aliugua kabisa, akalazwa. Kilichomponya ni mkewe, aliyemkumbusha kitandani kwamba mfumo ni wa bure lakini mashine zinanunuliwa. Mheshimiwa aliinuka akaomba chai. Shemeji yake alifungua kampuni ya mashine kabla chai haijapoa.

Kikao cha uchaguzi wa vifaa kilifanyika hotelini, maana wizarani hakuna samaki wa kupaka. Alialikwa pia Injinia Semeni Kilua, mkuu wa kompyuta wa serikali nzima, mwanamke mwenye shahada za kutosha na ulimi usiokwenda likizo. Alisimama na flashi mkononi.

"Mheshimiwa, kazi hii si ngumu," alisema. "Humu kwenye flashi kuna Linux nzima. Tunakwenda dukani, tunaichomeka kwenye kompyuta tunayoitaka, tunaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu kingine. Tunaangalia: skrini inaonyesha vizuri? Waifai inashika? Sauti ipo? Printa inachapa? Mashine za eksirei za hospitali ndizo za kuangalia zaidi, maana kile kibao kinachopokea picha kina ukaidi wake. Kikikubali, tunanunua. Kikikataa, tunakwenda duka la pili."

"Kuwasha?" aliuliza Mheshimiwa Fyoko.

"Ndiyo, kuwasha. Mbona hata balbu, Mheshimiwa, ukienda dukani muuzaji anaichomeka pale pale kwenye soketi yake, ikiwaka ndiyo unatoa hela?"

Mheshimiwa aliweka chini mwiba wa samaki. Alikuwa amebadilika rangi.

"Dada Semeni, unajua unachosema? Unataka mashine ya serikali iwashwe dukani, mbele ya wauza ndoo, mimi sijafika? Halafu nikija na mkasi wangu nizindue nini? Nizindue kiporo?"

"Kwa hiyo tununue bila kujaribu?"

"Tutanunua kwa uzalendo."

Injinia Semeni akacheka, kosa kubwa kuliko yote. Kesho yake alihamishiwa Idara ya Nyuki, akapewa mzinga mmoja na kiti.

Mimi nimejitahidi kuandika haya kwa upole, lakini hapa upole unanishinda. Vifaa vya nchi nzima vilichaguliwa kwa katoni. Katoni nzito ilipewa alama nyingi. Katoni yenye rangi za bendera ilipewa alama zaidi. Ubavuni mwa kila katoni kulikuwa na maandishi madogo yanayosema kifaa kinafanya kazi na mifumo gani, na Linux haikuwemo. Kamati iliamua kwamba maandishi madogo ni dharau kwa viongozi, ambao hawawezi kuonekana hadharani wamevaa miwani. Zabuni aliishinda shemeji, kwa katoni nzuri kupita zote, na kamati ikampigia makofi.

Vifaa vikazinduliwa mkoa kwa mkoa. Kompyuta zenyewe ziliwaka, Linux haichagui sana. Lakini waifai haikushika popote, kwa hiyo makarani wakawa wanapelekeana barua pepe kwa pikipiki. Printa zilikataa kata kata. Wizara ya Ardhi inazitumia kuegemeza milango, na sina budi kukiri kwamba kwa kazi hiyo ni imara.

Sasa nije kwa jirani yangu Afidhi Mwinyikondo, ambaye kwa ajili yake nimekaa kuandika.

Afidhi alikuwa mpiga tarumbeta wa Bendi ya Uzinduzi. Hakuna utepe uliokatwa katika wilaya yetu bila tarumbeta lake. Alikuwa mtu mkimya, mjane, mwenye binti mmoja aitwaye Mishi, na huyo Mishi alikuwa mtoto wa mbio. Ukimtuma chumvi anarudi kabla sufuria haijachemka. Kwa wepesi wake shule ikampanga kwenye halaiki, wale watoto wanaopandana mabegani wakawa mnara kumpendeza mgeni rasmi. Mishi ndiye aliyewekwa kileleni.

Ilikuwa uzinduzi wa bomba la maji lisilo na maji. Mheshimiwa Fyoko alihutubia na watoto wamesimama hivyo hivyo wamepandana, maana walikatazwa kushuka kabla hajamaliza. Hakumaliza. Watoto wa chini wakalegea magoti, mnara ukaporomoka, na Mishi akaanguka juu ya lile bomba. Baba yake alikuwa na tarumbeta mdomoni. Alisikia mfupa.

Katika hospitali ya wilaya Mishi alipokelewa na Daktari Lwitiko, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Daktari aliushika ule mguu, akaupapasa muundi taratibu, akatikisa kichwa.

"Umevunjika, Baba Mishi. Lakini umevunjikaje, vipande vimelala vipi, siwezi kujua kwa vidole. Nataka picha."

"Si upige, Daktari?"

"Mashine ya zamani wameshaichukua kupisha mpya. Mpya ile pale."

Aliinyooshea kidole. Ilikuwa pembeni ya chumba, inang'aa, imefungwa utepe kama zawadi ya harusi.

"Nikiigusa nimefungwa," alisema Daktari. "Na mfupa wa mtoto haungoji. Unajiunga wenyewe, hata ukiwa umepinda. Ukishajiunga hivyo, huyu atachechemea maisha yake yote."

Afidhi akaenda wizarani kuomba uzinduzi uharakishwe. Akaambiwa Mheshimiwa atakuja akimaliza kuzindua kisima, gati na msimu wa mvua. Siku zikapita, Mishi akiwa amelala na mguu umefungwa vipande vya mbao, akimuuliza baba yake kila asubuhi kama leo ndiyo leo.

Hatimaye Mheshimiwa alifika. Afidhi akapiga tarumbeta. Utepe ukakatwa. Mishi akalazwa mezani mbele ya waandishi wa habari, na Mheshimiwa akabonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe. Kompyuta ikawaka. Kwenye skrini akatokea pengwini, yule ndege mnene aliye alama ya Linux, mweusi mgongoni na mweupe kifuani. Akakaa kidogo, akaondoka, kisha hakikufuata kitu. Kibao cha kupokea picha, kile cha katoni yenye bendera, kilikuwa hakielewani na Linux kabisa. Kilikaa kimya na mtoto yuko juu yake.

Mheshimiwa aligeukia kamera.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Mashine imempiga picha mgonjwa, na tumeona bata. Bata mzima, hana ufa hata mmoja. Nampongeza mgonjwa kwa kupona."

Watu wakapiga makofi. Daktari Lwitiko alimfuata mpaka kwenye gari.

"Mheshimiwa, yule si bata, na si picha ya mguu. Ile ni alama ya Linux. Kibao hakifanyi kazi, kibadilishwe."

"Daktari, mashine imezinduliwa au haijazinduliwa?"

"Imezinduliwa."

"Sasa kilichozinduliwa kinaharibikaje? Unataka kuniambia nimezindua kitu kibovu?"

Kioo cha gari kikapandishwa. Afidhi alikuwa amesimama hapo karibu, amevaa sare ya bendi yenye vifungo vya shaba, na machozi yanamtoka waziwazi mbele za watu.

Jioni ile alikwenda Idara ya Nyuki. Injinia Semeni alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatukana tusi moja refu ambalo nyuki wenyewe walinyamaza kulisikiliza.

"Mjini kuna duka la vifaa vya hospitali," alisema. "Nakijua kibao kimoja pale, na kuna programu ya bure ya kusomea eksirei ndani ya Linux, ninayo. Nadhani vitapatana. Lakini nadhani si dawa. Lazima tukiwashe tuone, na kukiwasha ndiyo jela."

"Mpaka kizinduliwe," alisema Afidhi.

"Mpaka kizinduliwe."

Wakatazamana. Ndipo wote wawili wakamkumbuka Diwani Chubwa. Diwani Chubwa alikuwa kiongozi halali, amechaguliwa kwa kura, lakini hakuna aliyewahi kumwalika kuzindua hata jiwe. Kila mwenge, kila ghala, kila kisima alipewa kiti cha nyuma na soda ya moto. Nyumbani kwake alikuwa na mkasi aliounoa mwenyewe, unalala ndani ya kitambaa.

"Nizindue mimi?" aliuliza Diwani walipomweleza. "Na tarumbeta litakuwepo?"

"Litakuwepo, Mheshimiwa," alisema Afidhi.

Kwa kuitwa Mheshimiwa tu, Diwani angezindua hata kaburi lake.

Dukani walifunga utepe wa keki kwenye soketi ya kujaribia. Diwani alihutubia wateja wanne na mbuzi wa jirani kuhusu maendeleo, na naapa ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kuzisikia katika nchi hii. Tarumbeta likalia. Mkasi ukakata. Semeni akachomeka flashi yake kwenye kompyuta ya dukani, akaunganisha kibao na mashine ndogo ya eksirei ya kujaribia, akafungua programu yake, akamwomba mwenye duka aweke kiganja. Mifupa ya vidole ikajitokeza skrini, mmoja mmoja, na pete ya ndoa juu yake.

"Haya!" alisema Semeni. "Hiki kinaelewana."

Mwenye duka akawaazima. "Nendeni mkakijaribu kwa mtoto," alisema. "Mtakirudisha. Kwani nyie ni serikali, mtanikimbia?"

Asubuhi walikiunganisha hospitalini, na picha ya Mishi ikaja. Daktari Lwitiko alisogea mpaka pua ikakaribia skrini. Vipande vilikuwa vimepishana na vimeshaanza kushikana upande.

"Bado nawahi," alisema. "Lakini leo, si kesho. Nitamlaza kwa sindano, nimnyooshe huku natazama picha. Semeni, nichapie."

Semeni aliiangalia printa, printa ikamwangalia. Ilikuwa ya aina ile ile inayoegemeza milango Wizara ya Ardhi.

"Hii haichapi na Linux. Picha ipo hapo kwenye skrini tu."

"Basi asiizime mtu."

Daktari alikuwa ndio kwanza amemchoma Mishi sindano ya usingizi wakati msafara wa Mheshimiwa Fyoko ulipoingia uani na ving'ora. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba diwani amezindua. Sijui kama mmewahi kumwona mtu aliyeibiwa mke. Ndivyo alivyoshuka garini. Nyuma yake walikuwepo askari, na bendi yote, maana hata kutengua uzinduzi ni hafla. Afidhi, kwa kuwa ni mwajiriwa, alitakiwa ajiunge na wenzake mstarini.

"Uzinduzi uliofanyika dukani ni batili!" alinguruma Mheshimiwa. "Mkasi haukuwa wa ngazi ya wizara! Kibao kikamatwe, kompyuta izimwe, na kila picha iliyopigwa ihesabiwe haijapigwa. Askari, ingieni!"

"Mheshimiwa, mwanangu yuko mezani," alisema Afidhi. "Daktari anamnyoosha sasa hivi. Nakuomba, baba. Ngojeni amalize tu."

"Mtoto wako alishapona. Nilimpongeza mimi mwenyewe. Ingieni!"

Askari wakapiga hatua kuelekea mlangoni. Afidhi akainua tarumbeta akapiga wimbo wa taifa.

Mtu wa kwetu akisikia wimbo wa taifa hufanya jambo moja. Husimama wima, mikono ubavuni, macho mbele, na hageuki hata nyuki akimwingia sikioni. Wenye ndoo hutua ndoo. Mwizi na anayemfukuza husimama wote wawili. Aliyetikisika mbele za watu ameidharau nchi, na kwa kosa hilo hakuna dhamana, awe raia, awe waziri. Askari waliganda mguu mmoja mbele. Mheshimiwa Fyoko aliganda na kidole kimenyooka kuelekea mlangoni, akakishusha polepole ubavuni.

Afidhi alifika mwisho wa wimbo, na kabla mtu hajapumua, akaanza tena.

Aliurudia. Akaurudia. Jua lilipanda. Bendi nzima ilisimama wima, wengine machozi yakiwatoka, na sijui kama ni jasho au kitu kingine. Mheshimiwa alikuwa mwekundu ndani ya suti yake ya sufu. Nzi alimtua puani, akatembea, akapumzika, akatembea tena. Nilikuwepo ukutani, nimesimama wima kama raia mwema, na nilimwombea yule nzi maisha marefu. Nilimchukia Fyoko kwa moyo wangu wote, na nilifurahi kwamba chuki haitikisi mwili.

Midomo ya Afidhi ilipasuka. Damu ilimshuka kidevuni ikaingia kwenye kola ya sare. Sauti ilianza kukwaruza, ikakatika katikati ya ubeti, askari mmoja akanyanyua kisigino. Afidhi akavuta pumzi, sauti ikarudi, kisigino kikashuka. Ndani kulisikika Daktari akisema, "Shika hapo, Semeni. Vuta. Vuta. Hapo hapo!" Kisha ukaja mlio wa maji, na harufu ya chokaa mbichi ya hogo la kushikilia mfupa.

Daktari Lwitiko akatoka mlangoni, mikono myeupe mpaka viwikoni. Alisimama wima kama sheria inavyotaka, lakini alimtazama Afidhi, akafumba macho na kuyafumbua, kama mtu anayesema ndiyo.

Afidhi akaumalizia wimbo mpaka noti ya mwisho. Akaweka tarumbeta chini, akaiweka mikono yake mbele ili wasihangaike kuitafuta.

Kesi ilisumbua kidogo. Mwendesha mashtaka alitaka kusema kwamba mshtakiwa aliupiga wimbo wa taifa kupita kiasi, lakini akatambua kuwa atakayetaja kiasi cha wimbo wa taifa ataingia kizimbani yeye. Wakamfunga kwa kosa la kukiwasha kibao, ambalo alilibeba peke yake. Kibao kilirudishwa dukani kimefungwa kamba za polisi, na kule hospitalini bata anaendelea kutokea kwa kila mgonjwa. Diwani Chubwa alivuliwa udiwani, na bado anasimulia uzinduzi wake kwa yeyote anayemnunulia kahawa. Semeni yuko na nyuki wake.

Gereza letu lina ukumbi mrefu wa saruji wa kupokelea wageni, na wafungwa hukaa nyuma ya ukuta, hawaoni anayekuja mpaka afike dirishani. Jumapili baada ya Mishi kufunguliwa hogo, nilimsindikiza kumpelekea baba yake wali. Alipofika mlangoni mwa ukumbi alinikabidhi bakuli, akanitanguliza dirishani, kisha akavua viatu, akakimbia. Mimi nilikuwa nimeshafika dirishani. Afidhi alikuwa amefumba macho, midomo yenye makovu inamcheza, na mkono ameuinua kuwanyamazisha wafungwa wenzake.

"Subirini," alikuwa akiwaambia. "Sikilizeni miguu hiyo. Yote miwili inapiga sawa."